Hapana ya Mchana

Msikilizaji wangu, kamwene. Na wewe wa Rungwe na Kyela, ugonile. Na ndugu yangu uliyetoka Usukumani na ng'ombe wako ukajenga boma Usangu, mwangaluka, ingawa salamu hiyo ni ya asubuhi na jua limeshazama. Nimezitaja zote tatu kwa makusudi. Ninakotaka tufike jioni hii ni sokoni Ubaruku, na pale salamu hizo zote utazisikia kabla hujamaliza kupimiwa debe moja la mchele.

Ubaruku iko Mbarali, mkoani Mbeya, kando ya lile shamba kubwa la mpunga lililojengwa na Wachina miaka ya 1970 likawa la serikali, kisha likaja kubinafsishwa. Ni mji wa mashine za kukoboa. Msimu wa mavuno ukifika, malori yanapanga foleni kungoja mchele wa kwenda Dar es Salaam, na pumba zinapeperuka hadi kwenye vikombe vya chai. Siku hiyo ninayoisimulia nilikuwa na magunia mawili tu, nimeketi barazani pa mashine moja nikingoja zamu. Mkanda wa mashine ulikuwa umekatika na fundi alikuwa ametoka kutafuta mwingine. Kwa hiyo kulikuwa na ukimya, na ukimya ukitokea mashineni watu huujaza kwa ubishi.

Wabishi walikuwa wawili, mtu na shemeji yake. Mmoja majaruba yake yako kichwani pa mfereji, hatua chache tu kutoka kwenye banio, pale maji ya mto yanapokingwa kuingia mferejini. Mwingine analima mkiani, kule maji yanakofika yakiwa yamechoka, au hayafiki kabisa.

"Maji hayaji, shemeji," akasema wa mkiani.

"Yanakuja. Wewe huamki."

"Mimi nalala shambani, shemeji. Nalala palepale kwenye kingo."

"Ndiyo hiyo ninayokwambia. Unalala."

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akacheka mpaka akaweka ungo chini. Yule wa mkiani naye alicheka, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya vya wenzake. Ubishi ukaendelea labda nusu saa. Nilianza kuhesabu, ni tabia yangu mbaya, na ndani ya nusu saa hiyo hakuna aliyemuuliza mwenzake swali hata moja. Kila mmoja alikuwa anajibu. Kisha yule wa mkiani akatazama barabarani, akasema taratibu, "Sawa, shemeji. Sawa."

Hiyo "sawa" ndiyo iliyonifanya niombe dakika hizi za leo.

Naijua, na wewe unaijua. Haina maana kwamba amekubali, wala kwamba ameelewa. Ni mlango unaofungwa polepole ili usipige kelele. Ukitaka kujua maana yake kamili, nenda kwenye ule mfereji saa nane usiku. Utakuta ubao wa banio umenyanyuliwa, na aliyeunyanyua hayupo. Asubuhi wa kichwani atasema kuna wezi wa maji, kamati ya maji itaita kikao, kikao kitatangaza faini, na wote watasema sawa.

Tunapozungumzia kuongea na watu tunaopishana nao mawazo, mara nyingi tunaambiwa tupunguze ukali. Tusipayukiane, tusitukanane, tuheshimiane. Sikatai. Lakini kwa watu tuliolelewa na lugha hii na adabu yake, sidhani kama ugonjwa wetu mkubwa ni ukali. Hebu tazama tulivyo na njia nyingi za kukataa bila kukataa. Tutaona. Mungu akipenda. Nitakujulisha. Tuko pamoja. Wacha nikalifikirie. Hewala haigombi, walisema wahenga, na ni kweli haigombi, ila haijawahi kumwagilia jaruba la mtu. Nimekaa vikao vingi vya vijiji, na kwa macho yangu nimeona kikao cha kelele kikizaa mpango, na kikao kitulivu kilichojaa makofi kikizaa panga. Nahofu zaidi kile kitulivu.

Mazungumzo ninayoyatetea leo ni yale ambayo mtu anaweza kusema "hapana" mchana kweupe, mbele ya watu, kisha akabaki ameketi palepale na kumiminiwa chai kama wengine. Hapana ya mchana. Ukiikosa hiyo, ujue utakutana nayo usiku.

Na Usangu, msikilizaji, ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili, maana pale watu wana sababu za kupishana zilizo nzito kuliko siasa za vijiweni. Wanapishana juu ya maji.

Ngoja nikuwekee picha kwa ufupi. Usangu ni bonde tambarare lililozungukwa na milima, na kutoka milimani inashuka mito mingi: Mbarali wenyewe, Kimani, Chimala, Mkoji, Ndembera, na Ruaha Mkuu unaoibeba yote. Mito hiyo inakwenda kutulia kwenye oevu la Ihefu. Ihefu nayo ina kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakijaa kupita kizingiti hicho, Ruaha Mkuu unaendelea na safari yake kupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hadi bwawa la Mtera, hadi Kidatu, ambako kwa miaka mingi nchi hii ilipata sehemu kubwa ya umeme wake. Maji yakishuka chini ya kizingiti, mto huko mbele unasimama. Mwaka 1993, wakati wa kiangazi, ulisimama. Toka hapo umekuwa ukisimama kiangazi baada ya kiangazi, wiki kadhaa, na pengine miezi. Viboko wakabanana kwenye madimbwi machache ya matope.

Sasa uliza: nani amekausha mto? Utapata majibu mengi kama walivyo wengi waliohamia bondeni. Wasangu ndio wenyeji, watu wa chifu Merere. Wabaluchi ndio wanaotajwa kuushika mpunga wa mifereji tangu enzi za ukoloni. Wamasai walifika na mifugo miaka ya 1950, Wasukuma wakaanza kumiminika miaka ya 1970, na Wanyakyusa, Wahehe, Wabena, Wakinga walishuka kutafuta mashamba. Mkulima atakuambia ni ng'ombe, wamekanyaga Ihefu mpaka imekuwa uwanja wa mpira. Mfugaji atakuambia ni mifereji, ng'ombe anakunywa ndoo chache lakini jaruba linakunywa mto. Mtu wa hifadhi atawataja wote wawili. Mtu wa umeme atatazama Mtera ilivyopungua naye atapandisha kidole kuelekea Usangu. Na kule milimani kuna aliyekata miti akapanda viazi, ambaye hatajwi na mtu kwa sababu hayuko kikaoni.

Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi. Watafiti waliofanya kazi bondeni mwishoni mwa miaka ya 1990 walionyesha kwamba mto unakauka hasa kwa sababu ya maji yanayoingizwa mifereji wakati wa kiangazi, kuliko kwa sababu ya kwato za ng'ombe. Jambo lenyewe linashangaza, maana mpunga kwa kawaida unategemea masika. Maji ya kiangazi ni ya nini? Ya kuwahi kitalu cha miche. Ya matumizi ya nyumbani. Ya kufyatulia matofali. Na mengine hayana kazi yoyote, yanaingia tu kwa sababu banio limeachwa wazi, yanatandaa kwenye majaruba matupu hadi jua linayanywa.

Kuna jambo jingine walilolieleza ambalo sijaacha kulifikiria. Banio la zamani la mkulima wa Usangu lilikuwa la miti, mawe, majani na matope. Lilikuwa linavuja. Mvua kubwa ikija linasombwa, mnakwenda kulijenga upya. Miradi ikaja ikajenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma, kwa nia njema kabisa, na kweli kazi ya kujenga banio kila mwaka ikaisha. Lakini zege halivuji. Kiangazi, mto ukiwa mdogo, banio la zege linaweza kuuchukua karibu wote, wakati lile bovu la miti lilikuwa linamwachia wa chini chake bila kukusudia. Kuvuja kwake ndiko kulikomnywesha jirani.

Nimewahi kukaa na watu wenye hoja za zege. Unamsikiliza mtu, kila alichosema ni sahihi, hakuna ufa hata wa kupitisha kucha, na unaondoka umekauka. Nami nimewahi kuwa mtu huyo, tena nyumbani kwangu, mbele ya mke wangu, nikashinda ubishi wa ada ya shule na nikala chakula baridi siku tatu. Siku hizi nikiona hoja yangu imekaa vizuri mno, naanza kuishuku. Naitafutia mahali pa kuvujia: mahali ambapo naweza kumwambia mwenzangu, hapa sijui, hapa umenishinda, hapa niambie wewe uliyeona.

Sasa nikupeleke kwenye ubao.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na mradi wa utafiti wa maji katika bonde hilo, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa maji. Mmoja wa watafiti hao, Bruce Lankford, alibuni kitu ambacho ukikiona kwa mara ya kwanza utadhani ni bao la aina mpya. Ni ubao mrefu wa mbao, umeinamishwa, upande mmoja juu na mwingine chini. Katikati umechongwa mfereji, ndio mto. Pembeni ya mto kuna njia ndogo za kuingilia, ndio mifereji ya wakulima, na kila njia inaishia kwenye vishimo, ndio majaruba. Chini kabisa kuna oevu. Maji yake ni gololi. Gololi zilezile za vioo tulizochezea utotoni.

Watu wanajipanga kando ya ubao, wengine juu, wengine chini. Kila mmoja ana vijiti vya kuweka mtoni kama banio, ili gololi zigonge, zigeuke ziingie kwake. Gololi zinaachiwa juu. Zikiwa nyingi, ndio masika, kila mtu anajaza vishimo vyake na kicheko kinakuwa kikubwa. Zikiwa chache, ndio kiangazi. Na hapo huhitaji mtaalamu wa kukufafanulia. Gololi zinashuka, wa juu anakinga, anajaza, bado anakinga, na yule wa chini ameinama na vijiti vyake mkononi akingoja kitu ambacho hakiji.

Kwanza watu wanacheza kila mtu kivyake. Halafu wanaulizwa: sasa chezeni kama watu wa mto mmoja, mnafanyaje? Ndipo wanapoanza kusogeza vijiti, kuhesabu vishimo, kubishana nani aachie ngapi. Baadaye ubao unawekwa kando na wanakaa kuzungumza mambo ya mto wa kweli. Michezo hiyo ilifanyika katika bonde la Mkoji, hukohuko Usangu, na watu wa juu na wa chini wakiwa chumba kimoja.

Kwa nini gololi zifanye kazi ambayo vikao havikuifanya? Maelezo ninayokupa ni yangu, usimlaumu mtafiti. Naona ni kwa sababu gololi hazina ukoo. Katika kikao, nikisema "ninyi wa juu mnamaliza maji", nimeshamtaja mtu, baba yake, na jinsi walivyopata shamba lile mwaka ule wa operesheni ya vijiji. Yeye hawezi kujibu kuhusu maji, lazima ajibu kuhusu baba yake. Lakini kwenye ubao kuna kijiti na gololi, na wote tunatazama chini, hatutazamani usoni. Ugomvi umehama kutoka kifuani kwa mtu ukakaa mezani. Pia gololi haisemi "sawa". Imefika au haijafika. Na mtu wa kichwani unaweza kumwambia, mzee, hebu njoo usimame huku mkiani kwa raundi moja tu, na akaja, maana hajaombwa kuhama shamba, ameombwa kuhama hatua mbili. Mtu akishainama pale chini akingoja gololi, neno "huamki" linamkwama kooni.

Sitaki nikudanganye, msikilizaji. Ubao haukuurudisha Ruaha Mkuu. Mto uliendelea kukauka. Na miaka michache tu baada ya michezo ile, mwaka 2006 kuingia 2007, wafugaji waliondolewa Ihefu pamoja na mifugo yao, wengi wakielekezwa mikoa ya Pwani na Lindi. Mwaka 2008 likatoka Tangazo la Serikali namba 28, Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, na hifadhi ikawa ya zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mgogoro wa mipaka kati ya vijiji na hifadhi ukaendelea kwa miaka mingi baada ya hapo.

Nayataja haya kwa sababu kuna watu wanaohubiri mazungumzo kana kwamba kila tofauti ni ya mashemeji wawili barazani. Si hivyo. Pale ambapo mmoja ana gololi zote mfukoni, kumwita mwenzake "tuzungumze" kunaweza kuwa njia nzuri tu ya kumchelewesha. Sote tumehudhuria mkutano ambao jina lake ni wa kupokea maoni. Meza kuu ina kitambaa, maji ya chupa na maua ya plastiki. Wananchi wako juani. Anasimama mtu, anaongea saa moja na nusu, kisha anauliza, kuna swali? Maswali mawili tu, muda umekwisha. Huko ni kuitwa ukaambiwe. Ukitaka kujua kama mnaitwa kuzungumza au kuambiwa, usisikilize hotuba, tazama viti vilivyopangwa.

Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake kuhusu demokrasia mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwasifu wazee wa Kiafrika walioketi chini ya mti wakazungumza hadi wakakubaliana. Naipenda picha ile, lakini nina wasiwasi nayo. Chini ya mti ule wanawake walikuwa wapi? Vijana? Mgeni aliyekuja jana na ng'ombe mia mbili? Mti ule ulikuwa wa ukoo mmoja, na makubaliano ni rahisi kama wote mna babu mmoja na mnaogopa laana yake. Ubaruku haina babu mmoja. Ni mji wa waliokuja. Kwa hiyo hata sheria iliona hivyo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Linapofanya kazi sawasawa, linawaketisha mlalamikaji na mlalamikiwa hadi wajue wanachopishania hasa, jambo ambalo mahakama haina muda nalo.

Na redio yenyewe, chombo hiki unachokisikiliza, nacho kina historia yake katika jambo hili. Wakubwa kwa umri watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walijiunga kwenye vikundi vya kusikiliza redio kote nchini. Redio inasema, kisha inanyamaza, na kikundi kinaanza kujadili mambo ya kijiji chake: maji machafu, mbu, vyoo. Kiongozi wa kikundi alikuwa amefundishwa kuongoza mjadala, si kuhubiri. Mimi nakuonea wivu, mtangazaji wa 1973. Ulipewa kazi ambayo ubora wake ulikuwa ni kunyamaza kwa wakati. Siku hizi tunaweka watu wawili studio, tunachagua wanaochukiana zaidi, tunawasha maiki. Wanabishana vizuri sana, wasikilizaji wanapiga simu, na hakuna aliyeondoka akijua jambo jipya. Nasema "tunaweka" kwa sababu nami nimefanya.

Kuna silaha nyingine tuliyo nayo ambayo wageni wanatushangaa: utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19. Leo Mngoni akifika msibani kwa Mhehe anaweza kulala kwenye mwanandani wa kaburi, akadai hela, akamsema marehemu kwa ubahili wake, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ukifikiri vizuri, utani ni ruhusa. Ni ruhusa ya kusema hapana ya mchana kwa mtu ambaye babu yako alimchomea babu yake kijiji. Lakini una masharti. Utani lazima urudishwe. Anayetania bila kutaniwa anatukana. Na mtani ana kazi siku ya msiba, atabeba, atachimba, atapika. Kule Usangu nimesikia mkulima akimwita mfugaji jina fulani la ng'ombe na kusema ni utani tu. Nikajiuliza, je, ukifa, huyo atakuja kuchimba? Na akifa yeye, utakwenda? Kama jibu ni hapana, hapo hakuna utani, kuna dharau iliyovaa shati la utani.

Sasa turudi barazani, maana fundi amerudi na mkanda begani.

Baada ya ile "sawa, shemeji", pakawa kimya. Yule mama aliyekuwa anapepeta, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, akasema bila kuinua macho, "Shemeji mtu, wewe ukifungua maji kwako usiku, unafunga saa ngapi?"

Wa kichwani akashtuka kidogo. "Saa kumi."

"Saa kumi unafunga, au saa kumi ndiyo saa unayoamka ukafunge?"

Watu hawakucheka safari hii. Wa kichwani akafikiri. Nilimwona akifikiri, jambo ambalo katika nusu saa nzima sikuwa nimeliona. Akasema kijana wake ndiye anayefunga, na kijana hana saa, anatazama nyota au anasikiliza jogoo, na jogoo wenyewe siku hizi, akatikisa kichwa. Mama akamgeukia wa mkiani. "Na wewe shemeji, maji yakiachiwa saa kumi kule juu, kwako yanafika saa ngapi?" Naye akasema hajawahi kupima, anajua tu kwamba kukicha hayajafika.

Yule mama, nilikuja kuambiwa, ana majaruba mawili katikati ya mfereji. Wa katikati huwaona wa pande zote mbili, na kwa kawaida hakuna anayewauliza.

Kisha mashine ikawaka. Kama umewahi kukaa karibu na mashine ya kukoboa mpunga unajua kwamba hapo mazungumzo huisha. Wale wawili hawakuacha. Niliwaona wakiendelea kwa mikono: mmoja anaonyesha vidole vinne, mwingine anakataa, anachora mstari kwenye vumbi la pumba kwa kidole cha mguu, mwenzake anaufuta na kuuchora upya mbele kidogo. Magunia yangu yakakobolewa, nikapakia kwenye bodaboda nikaondoka bila kujua mwisho.

Nilipita tena Ubaruku msimu uliofuata. Walikuwa barazani palepale, na walikuwa wanabishana. Nikakaa nisikilize. Ubishi wa msimu ule ulikuwa kama zamu igeuke saa kumi au saa kumi na moja alfajiri. Wa kichwani alitaka kumi na moja, akasema kumi kuna fisi. Wa mkiani akasema hapana, tena akasema kwa sauti, mpaka mama wa ungo akageuka kutazama. Kisha akamsogezea shemeji yake kikombe cha chai, kilichokuwa na pumba juu, na shemeji akapuliza pumba akanywa, akasema, "Saa kumi na nusu?"

"Hapana," akasema mwenzake. "Saa kumi. Hao fisi nitakuja kukusindikiza."

Haya, saa yangu nami imefika. Usiku mwema.